Pampu Ile Isifunguliwe

Kwa: Mwenyekiti wa Kikao cha Familia (ambaye pia ni shemeji yangu)
Kutoka kwa: Katibu wa Kikao hichohicho (ambaye pia ni mume wa dada yako)
Jumatano asubuhi

Ndugu Mwenyekiti, Shemeji yangu mpendwa,

KUHUSU: OMBI LA DHARURA LA KUSIMAMISHA UFUFUAJI WA JAKUZI KABLA YA JUMAMOSI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, kisha utafute kiti, maana nitakayoyaeleza hayafai kusomwa na mtu aliyesimama. Natumaini wewe na mama watoto ni wazima. Sisi hapa pia ni wazima, isipokuwa mimi.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Kwanza, ndio utaratibu wetu: katika familia hii ugomvi usioandikwa hauna miguu ya kuingia kikaoni, na wewe mwenyewe uliwahi kumrudisha nje baba mdogo kwa sababu alikuja na hasira bila barua. Pili, simu haipatani nami. Tangu meno yangu manne ya mbele, yale ya kubandika, yaliponitoka kwa chafya na kuruka nje ya dirisha la basi nikielekea mazikoni, kila neno lenye herufi S hunitoka na filimbi. Mara ya mwisho nilipokupigia nikasema, "Shemeji, salama?" mbwa wako alikuja mbio.

Kwa faida ya wajumbe ambao wakati ule walikuwa bado wananyonya, nieleze chanzo. Jakuzi ni beseni la kuogea lenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili, linalopasha maji moto na kuyatia mapovu kwa nguvu ya pampu, ili mtu mzima akae humo akisingizia kuoga. La kwetu ulilileta wewe, Mwenyekiti, kutoka kwenye hoteli iliyokuwa ikifungwa, ukampa dada yako kwa ajili ya magoti yake. Magoti yale yaliharibikia kazini: miaka thelathini na moja ya kufundisha chekechea, akichuchumaa kuwafunga watoto wa watu kamba za viatu. Jakuzi likawekwa kwenye baraza ya nyuma. Lilifanya kazi siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili pampu ilitoa sauti ya mtu anayekoroma halafu akapaliwa, ikanyamaza.

Kikao kikakaa. Ulichungulia maji, ukaona utando wa mafuta juu yake, ukatoa hukumu palepale: mafuta ya nywele ya dada yako, yale ya chupa ya kijani, ndiyo yaliyoziba pampu. Dada yako akasimama, kwa magoti yaleyale, akaomba radhi mbele ya familia nzima. Mimi, nikiwa katibu, nikayaandika yote kwenye daftari la kikao kwa mwandiko wa kulaza na kupiga mhuri. Jakuzi likafunikwa. Miaka tisa ikapita kwa amani, nami nilidhani amani hiyo ndiyo ingetuzika.

Sasa, Mwenyekiti, dada yako amelifunua. Daktari kamwambia magoti yanataka maji ya moto, naye kajibu kwamba maji ya moto anayo, yako barazani, yamefunikwa tu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu mfuniko.

Mfuniko ule, baada ya miaka tisa, haukuwa mfuniko tena. Ulikuwa ofisi. Unajua kwamba nilistaafu kama karani mkuu wa masjala, na mtu aliyeishi na mafaili miaka yote hiyo hawezi kuamka siku moja akaanza kumwagilia maua. Juu ya mfuniko ule niliweka trei ya barua zinazoingia, trei ya barua zinazotoka, kidau cha wino wa mhuri, stepla na daftari la kikao. Kwenye kona nilichora drafti kwa rangi ya mafuta, na kila alasiri nilikuwa nikimfundisha adabu jirani yetu Kinyozi.

Jumatatu nilitoka kununua mkate. Niliporudi, ofisi nzima ilikuwa imesimamishwa ukutani na drafti yake, na kete ziko ndani ya kopo. Nilikuwa na kingi mbili, Mwenyekiti. Kinyozi alikuwa na kete tatu na uso wa kuomba msamaha. Leo anawatangazia wateja wake kwamba mchezo ulikuwa unaelekea kwake, na mtu mwenye wembe shingoni mwako humbishii. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Hawakusema funua kombe umwite fundi.

2. Kuhusu wapangaji.

Chini ya mfuniko, kwenye maji ya mvua yaliyojikusanyia humo miaka yote hiyo, walikuwa wanaishi vyura. Nilifika kumi na wanne nikapoteza hesabu, kwa kuwa hawakukubali kupanga mstari kwa ajili yangu. Kwa dada yako walikubali. Aliwatoa kwa ndoo mmoja mmoja, akiwaambia, "Haya, twende, mwenzako anasubiri," sauti ileile ya foleni ya kunawa mikono. Hakuna aliyepewa notisi. Mpangaji aliyekaa miaka tisa bila kuleta ugomvi wala kualika ndugu zake wakae naye ana haki zake, na kama kikao hiki hakitawatetea vyura leo, kesho kitaniuliza mimi niko hapa kwa mkataba gani.

3. Kuhusu harufu.

Maji yale ya kijani yalifunguliwa Jumatatu saa nne. Sitaki kuieleza harufu. Niseme tu kwamba nzi walikuja, wakanusa, wakaondoka.

4. Kuhusu jina langu.

Fundi aliyeitwa ni mwanamke wa makamo mwenye mkanda wa spana kiunoni na mikono inayofungua vitu bila kuviuliza. Kumbe alisoma chekechea kwa dada yako. Alipofika mlangoni alisimama wima, akasema, "Shikamoo Mwalimu," na Mwalimu akamtazama miguuni kwanza, kuona kama kamba za viatu zimefungwa. Zilikuwa zimefungwa. Wakakumbatiana mpaka spana zikalia.

Mimi nilijitambulisha kwa cheo changu kamili. Fundi akasema, "Aa, wewe ndiye mume wa Mwalimu. Sogea kidogo hapo, Mzee, unakanyaga waya." Tangu siku hiyo, katika nyumba niliyoijenga kwa mkopo na kuimaliza kwa dua, sina jina lingine. Hata Kinyozi ameanza kuniita Mume wa Mwalimu, tena ananiitia barabarani. Nimewaeleza kwamba huko masjala nilikuwa na watu sita chini yangu. Fundi aliniuliza kama yupo hata mmoja kati yao anayejua kushika tochi.

5. Kuhusu kazi za kulazimishwa.

Jakuzi lina matundu thelathini na mawili ya kutolea mapovu. Nayajua kwa idadi kwa sababu nimeyasugua yote. Dada yako alimwagia siki ndani ya beseni, akanipa mswaki, mswaki wangu mwenyewe, akasema, "Huu utumie tu, wewe huna kazi nao sana." Nikaingia ndani ya beseni kavu, nikapiga magoti, nikasugua tundu moja baada ya jingine huku fundi akipita nyuma yangu na tochi na kusema, "Rudia hilo." Mtu wa umri wangu, Mwenyekiti, aliyewahi kuidhinisha likizo za watu.

6. Kuhusu vijikaratasi.

Wameleta kikopo cha vijikaratasi vya kupimia maji. Unachovya, unasubiri, karatasi inageuka rangi, unalinganisha na rangi zilizo kwenye kikopo, unajua kama maji yana ukali mno au yamepungukiwa dawa. Kwa maji, sina neno. Lakini dada yako sasa anapima kila kitu. Amepima maji ya mtungi. Amepima mchuzi. Chai yangu aliipima, akaitazama ile rangi, akasema, "Ndio maana," kisha akaondoka bila kunieleza ndio maana nini.

Juzi alikaa mbele yangu na kijikaratasi mkononi, akanitazama kwa muda mrefu sana. Sikufungua mdomo.

7. Kuhusu furaha.

Hili ni gumu kuliandika, lakini katibu huandika. Dada yako ana furaha, Mwenyekiti, na sikuandaliwa. Asubuhi anaimba nyimbo za chekechea, ile ya kuhesabu vidole na ile ya treni. Amejishonea vazi la kuogea kutokana na kitambaa kilichobaki tuliposhona mapazia ya sebuleni, kwa hiyo akipita dirishani siwezi kujua kama ni yeye au ni upepo. Jana nilimkuta amekaa ukingoni mwa beseni, na hamna hata tone la maji humo, ametumbukiza miguu ndani, anaichezesha. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anayazoesha magoti.

Nimekaa na mwanamke huyu miaka arobaini kasoro miwili. Ninamjua anavyoshuka ngazi tatu za baraza: mkono ukutani, mguu wa kulia kwanza, anapumua, mguu wa kushoto. Jana alizishuka bila kushika ukuta, kwa haraka ya kwenda kuangalia kama gundi ya bomba imekauka. Nilitamani kufurahi naye. Badala yake nilirudi ndani nikafunga mlango, kwa sababu nitakazozieleza kwenye lalamiko la tisa, au nisizieleze.

Halafu alimuuliza fundi swali. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, si kwa kusikiliza bali kwa kuwa pazia liko pale na mimi nilikuwa pale. Aliuliza, "Hivi mafuta ya nywele yanaweza kuziba pampu?" Fundi akacheka. Akasema, "Mwalimu, mafuta yanaelea juu, pampu inanyonya chini. Hata umimine debe zima. Nani alikudanganya?" Dada yako hakukutaja, Mwenyekiti, jambo ambalo nakuomba ulithamini. Akapeleka mkono kichwani, akagusa kilemba chake, akaurudisha.

Kwa kumbukumbu tu: tangu siku ya kikao kile hajatia mafuta kichwani. Miaka tisa. Nilidhani ni umri.

8. Kuhusu kichungio.

Mbele ya mdomo wa kunyonyea maji hukaa kichungio, kitu kama kikapu kidogo cha plastiki, kazi yake kuzuia vitu visiingie kwenye pampu. Fundi hakukikuta. Akauliza kiko wapi. Nikamjibu kwamba kazi yake ni mabomba na si upelelezi. Akaendelea kutafuta kwa macho, mtu asiye na haya kabisa, akaingia bafuni kwetu kunawa mikono, akatoka amekishika. Sabuni ilikuwa bado imo ndani.

Ni kweli kwamba kwa miaka tisa nimekuwa nikikitumia kama kisahani cha sabuni. Sheria gani inakataza? Ni kweli pia kwamba niliwahi kukitoa mahali pake, hapo zamani, kwa sababu kilikuwa kinanichoma kiunoni nikijilaza. Nilikusudia kukirudisha. Fundi alisema, "Basi hapa chochote kinaweza kuwa kimeingia." Alilisema mbele ya dada yako, kwa sauti kubwa, na kwa maoni yangu hilo ni kuvuka mipaka ya taaluma.

9. Kuhusu pampu.

Hapa ndipo penye roho ya barua hii.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Bomba moja lililopasuka limebadilishwa, ringi za mpira zimebadilishwa, waya uliotafunwa na panya umebadilishwa. Nilikuwa na tumaini kwamba pampu nayo ingetupwa na kununuliwa mpya. Nilijitolea kuinunua mimi mwenyewe, palepale, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze fundi alinitazama kwa mshangao. Lakini alisema hapana, pampu ni nzima, imekwamishwa tu. Akaichomoa, akaitikisa karibu na sikio. Ikalia kama kete ndani ya kopo. "Kuna kitu kigumu humu," alisema. "Jumamosi nakuja na spana kubwa, tunaifungua."

Mwenyekiti, naipinga hatua hiyo kwa nguvu zangu zote, na hoja zangu ni nzito.

Pampu ile ni marehemu. Marehemu hapasuliwi tumbo bila idhini ya ndugu wa karibu, na wa karibu zaidi ni mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nayo dakika zake za mwisho. Tena imepumzika miaka tisa. Kama kuna kitu ndani yake, kitu hicho nacho kimepumzika, kimezoea, na hakijamsumbua mtu. Wangapi kati yetu wanaweza kusema hivyo?

Fikiria pia heshima ya kikao. Wewe ulihukumu kwamba ni mafuta. Mafuta hayagongi. Siku pampu ile itakapofunguliwa na kutoka kitu kigumu, itakuwa ni hukumu yako iliyofunguliwa, na mimi nitalazimika kuandika kwenye daftari, kwa wino uleule, kwamba Mwenyekiti alikosea. Mkono wangu hautakubali. Nalinda jina lako kuliko unavyolilinda mwenyewe. Na ukihukumu upya jambo moja, kesho watakuja wengine: baba mdogo atataka kurudi na hasira zake, shangazi ataibua lile suala la cherehani, na mwisho wake familia hii haitakuwa na jambo hata moja lililokwisha. Nchi zimeanguka kwa mambo madogo kuliko pampu.

Wala usidhani simjali dada yako. Nimejitolea kumkanda magoti kila jioni kwa beseni la plastiki na maji ya birika mpaka mmoja wetu aage dunia. Akasema beseni halina mapovu. Nikajitolea kuyapuliza mimi mwenyewe kwa mrija. Akacheka mpaka akakohoa, akasema kwa pengo langu mapovu yatatoka pembeni. Mtu anayejitolea kupuliza maji kwa mrija maisha yake yote, Mwenyekiti, si mtu mwenye roho mbaya. Ni mtu anayeomba njia nyingine.

Nilimwambia fundi yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Akanijibu, huku akifuta spana, "Mzee, mficha maradhi kifo humuumbua." Chekechea ile ilifundisha zaidi ya kamba za viatu.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Utoe amri ya maandishi, kabla ya Ijumaa jioni, kwamba pampu isifunguliwe na mtu yeyote, kwa spana yoyote, ndogo au kubwa.

(b) Pampu istaafishwe kwa heshima, izibwe kwa kuchomelewa pande zote, na izikwe nyuma ya nyumba. Hotuba nitaisoma mimi, ingawa kwa filimbi.

(c) Ajenda namba nne ya kikao cha Jumapili hii, iliyoletwa na dada yako kwa maandishi, isemayo "Mapitio ya ile hukumu ya mafuta," iondolewe. Nimeikuta kwenye trei ya barua zinazoingia, iliyo sakafuni kwa sasa. Mwandiko wake ni wa ubaoni, herufi kubwa zilizonyooka, na hakuna hata neno la lawama ndani yake. Ameomba tu jambo litazamwe upya akiwa bado hai.

Nisalimie mama watoto, na watoto wote kwa ukubwa wao. Msalimie shangazi, umwambie sijalisahau suala la cherehani ila nimelikalia. Wasalimie wapangaji wako wa chini, wale wenye redio. Baba mdogo nisalimie pia, lakini kwa mdomo, asije akadhani ni barua. Dada yako anakusalimu. Hajui kama nakuandikia.

Ni mimi wako mtiifu,

Katibu wa Kikao,
Karani Mkuu wa Masjala (mstaafu),
na, kwa mujibu wa fundi, Mume wa Mwalimu.

(Mhuri)

Nakala: Faili. Faili limeegemezwa ukutani.

Nyongeza. Ijumaa jioni.

Shemeji, barua hii haikuondoka Jumatano kwa sababu bahasha zilikuwa chini ya ofisi, na ofisi ni nzito kwa mtu mmoja. Alhamisi asubuhi fundi alitokea. Kazi yake nyingine ilikuwa imeahirishwa, akaja na spana kubwa siku mbili kabla.

Tulikuwa wanne barazani: fundi, dada yako, mimi, na Kinyozi aliyekuja kudai ushindi wake. Spana ilizunguka mara nne. Fundi akatia vidole ndani ya pampu, akavuta, akaweka kitu juu ya kitambaa. Kilikuwa cha kijani na kimeota ukungu, lakini kilikuwa na umbo. Akakigeuza, akakitazama, akasema, "Mwalimu, pampu hii ina meno."

Manne. Ya mbele. Kwenye kibamba chake cha waridi.

Dada yako aliyachukua, akaenda nayo bombani, akayasugua kwa mswaki wangu, uleule wa matundu, akayaweka kwenye kisahani, akaja nacho mezani taratibu kwa magoti yake. Kisha akainama juu ya kisahani akayaambia, "Karibuni nyumbani. Poleni na safari." Kinyozi alikaa chini kwa kucheka. Fundi aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Lakini dada yako hakucheka, na maneno yale aliyatoa haraka mno, kama mtu aliyekuwa nayo tayari tangu zamani.

Meno hayakuruka dirishani, Shemeji. Basi lilikuwepo na mazishi yalikuwepo, lakini chafya haikuwepo. Siku ile ya kumi na mbili niliingia mwenyewe kwenye maji, nikalala usingizi mdomo wazi, na kichungio nilikuwa nimekitoa. Nilishtuka pampu inapaliwa na kinywa changu ni chepesi. Nilijua sekunde ileile. Nilikusudia kusema. Siku ya kikao nilikuwa na pengo na hadithi ya basi, vyote vipya, nikaona nisubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza. Ukasema mafuta. Nilikuwa nimeshika kalamu.

Baadaye, watu walipoondoka, aliniuliza swali moja tu: "Nilipokuwa nimesimama pale, wewe ulikuwa unaandika nini?" Nimejibu barua za serikali maisha yangu yote. Kwa hilo nilivaa viatu nikatoka. Nimeona haya, Shemeji, haya ambayo sikujua mtu wa umri wangu anaweza kuwa nayo tena.

Nilikwenda dukani kutafuta mafuta yake. Ile chupa ya kijani haitengenezwi tena, sasa ni ya manjano. Nimeichukua hiyo, nimeiweka ukingoni mwa jakuzi karibu na kisahani cha meno. Jana nilijaribu kuyavaa. Hayaingii. Kinywa kimeshahama.

Pampu inanguruma ninavyoandika haya. Maji yalipimwa kwa kijikaratasi, yakafaulu. Dada yako yuko ndani tangu saa kumi, mapovu yamemfika shingoni, na kilemba amekivua. Chupa ya manjano imefunguliwa. Mimi sijaruhusiwa kuingia mpaka Jumapili, baada ya ajenda namba nne.

Kwa hiyo maombi (a), (b) na (c) yafutwe. Badala yake naomba kibali cha kurekebisha daftari la kikao kwa mkono wangu, kama ifuatavyo, na Jumapili, nitakapoyasoma kwa filimbi yangu, mbwa wako afungwe.

Ukurasa wa arobaini na saba, mstari wa tatu: palipoandikwa "mafuta ya nywele ya mke," pasomeke "meno ya mume."

Mstari wa tano: palipoandikwa "mke alisimama, akaomba radhi," paongezwe "mume atasimama Jumapili." Magoti yangu ni mazima.